Nani Aliyeipandisha Bangi Mlimani?

Mhadhara wa wazi uliotolewa Isiolo



Nimeombwa nizungumzie mmea ambao katika mji huu hutajwa zaidi mahakamani kuliko shambani. Hoja yangu ni moja, nami naitanguliza ili kila mmoja wenu aipime ninapoendelea. Bangi inayokutwa katika baridi ya Mlima Kenya haikupanda huko kwa kupenda baridi. Sheria ndiyo iliyoipandisha. Na sisi tunaoishi huku chini kwenye joto tunalipa gharama yake kwa njia mbili: kwa maji yetu na kwa vijana wetu.

Tuanze na mmea wenyewe, kwa kuwa watu wengi wanaobishana juu ya bangi hawajapata kuusikia ukielezwa na mtu wa kilimo.

Carl Linnaeus, mwanabotania wa Uswidi, aliuandika mwaka 1753 kwa jina la Cannabis sativa. Mwaka 1785 Mfaransa Lamarck akaona vielelezo kutoka India, akavipa jina lake, indica. Siku hizi wafanyabiashara wa mbegu wanayatumia majina hayo kwa namna yao: sativa kwao ni mche mrefu, wenye majani membamba kama vidole, maua yaliyoachana, na unaochukua muda mrefu kukomaa; indica ni mfupi, majani mapana, maua yaliyoshikamana, na hukomaa upesi. Wanabotania wengi hawakubaliani na mgawanyo huo wa sokoni, maana mbegu zimechanganywa mno. Lakini kwa mazungumzo ya leo unatosha. Bangi ya kale ya Afrika Mashariki, kuanzia Malawi mpaka Ethiopia, ni ile ndefu.

Si mmea wa juzi. Ulivuka Bahari ya Hindi pamoja na biashara ya kutoka Asia, na katika pango la Lalibela, nchini Ethiopia, watafiti walifukua vichwa vya viko vya udongo vya karne ya 14 hivi, vikapimwa maabara na kukutwa na mabaki ya bangi. Kwa hiyo katika nyanda za juu za upande wetu wa dunia mmea huu una umri wa karne saba au karibu na hapo. Katika muda huo umejifunza jambo moja ambalo ndilo kiini cha sehemu hii ya mhadhara: umejifunza usiku wetu.

Mche wa bangi huhesabu usiku. Usiku ukiwa mfupi, mche huendelea kurefuka na kuongeza majani. Usiku ukirefuka kupita kiwango fulani, huanza kuchanua. Sasa fikirini mkulima wa Uholanzi aliyepata mbegu ya sativa halisi kutoka ukanda wa ikweta. Anapanda Mei. Juni mchana wake unakaribia saa 17. Mche unapaa, unapita ua, unapita paa la kibanda, lakini hauchanui. Unasubiri. Siku zinapofupika mwezi wa Septemba ndipo maua yanaanza, nayo yanahitaji wiki 12 au zaidi ili yakomae. Oktoba mvua ya baridi imefika, Novemba jalidi inaumaliza. Ndiyo sababu wazalishaji wa mbegu wa Uholanzi waliichanganya sativa ya nchi za joto na ile fupi kutoka Afghanistan na milima ya jirani: walitaka urefu na harufu ya kwanza, na haraka ya pili. Pakiti nyingi zinazouzwa Ulaya kwa maneno ya "sativa zaidi", na zinazodai kustahimili baridi, zimetokana na ndoa ya namna hiyo.

Hapa kwetu habari ni nyingine kabisa. Isiolo haifiki hata digrii moja kutoka ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote katika mwaka ni dakika chache tu, mtu hawezi kuigundua bila saa. Mche wetu hausubiri Septemba. Unakua kidogo, unachanua polepole, na hakuna majira ya baridi yanayoufukuza. Mwenye kuupanda hapa hashindani na kalenda. Anashindana na mvua, na anaposogea mlimani anashindana na mwinuko.

Huo mwinuko tuutazame kwa makini. Mji wetu uko kwenye mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari; kilele cha Mlima Kenya, ambacho asubuhi isiyo na mawingu tunakiona tukigeukia kusini, kiko mita 5,199. Hewa hupoa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukitoka hapa ukaenda mpaka msituni, kwenye mita 2,300, umepoteza nyuzi 7 hivi kabla hata ya kuhesabu ukungu na kivuli cha miti. Na baridi ya milima ya ikweta haiji mara moja kwa mwaka ikaondoka. Inarudi kila usiku. Mchana jua linachoma; usiku unashuka mpaka chini ya nyuzi 10, na zaidi ya hapo juu kuna jalidi hata Januari.

Mmea huu unateseka humo. Udongo ukiwa baridi, mizizi inashindwa kufyonza fosforasi vizuri. Ukuaji unasinyaa. Majani na maua mara nyingi hugeuka zambarau, rangi ambayo wanunuzi huisifu, na mtu wa kilimo akiiona hushuku kwanza kwamba mche umeonewa na baridi. Maua, ambayo hata chini hukawia, yanakawia zaidi. Kisha linakuja balaa lenyewe, kuvu ya kijivu, Botrytis, ileile inayoozesha waridi na nyanya za wakulima wa Timau na Nanyuki. Inapenda unyevu na baridi ya wastani, nayo huanzia ndani ya ua, mahali macho hayafiki. Sativa inajikinga kidogo kwa kuwa maua yake yameachana na upepo hupita. Lakini wiki tatu za ukungu wa Julai zinatosha kuimaliza kinga hiyo.

Sasa niwaulize. Mkulima mwenye hiari yake, mwenye mmea wa jua, mmea wa joto la wastani, unaohitaji miezi mingi ya anga safi, angeupeleka kwenye mita 2,300 chini ya mikarafuumaiti na podo, mahali ambapo nusu ya mazao huoza? Angeupanda chini, karibu na nyumba yake, kando ya mahindi. Nchi ya namna hiyo ni kubwa mno kuuzunguka mlima. Hakuna sababu ya kilimo ya kwenda juu. Sababu iliyobaki ni moja: juu hapaonekani.

Bangi iliingizwa katika mkataba wa kimataifa wa kasumba huko Geneva mwaka 1925, kwa msukumo mkubwa wa Misri. Mkataba wa 1961 ukaikaza zaidi. Kenya ikatunga Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya ya mwaka 1994, ambayo humpa mwenye kulima bangi adhabu inayoweza kufika kifungo cha miaka 20. Mtu anayejua kwamba mche mmoja nyuma ya jiko unaweza kumpeleka gerezani, naye anazitaka fedha zake, hatauacha mche huo nyuma ya jiko. Ataupeleka kwenye ardhi isiyo na jina la mtu. Na ardhi isiyo na jina la mtu, katika nchi ya mashamba yaliyobanana kama Meru, ni msitu wa serikali.

Hilo halikubaki kuwa dhana. Mwaka 1999 Shirika la Wanyamapori, KWS, liliongoza uchunguzi wa angani wa misitu ya Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare. Waliokuwa ndani ya ndege waliona miti ya asili iliyokatwa kwa magendo, tanuri za makaa, maporomoko ya ardhi, na katikati ya msitu, mashamba ya bangi yaliyofyekwa yakazungushiwa miti ili yasionekane kutoka njiani. Ripoti ile iliishtua nchi. Mwaka 2000 msitu ukatangazwa kuwa hifadhi ya taifa chini ya KWS. Uamuzi huo ulikuwa mwema, na mlima ulipata nafuu. Lakini tangu hapo habari ya bangi imeendelea kuwa ileile: askari wanapanda, wanafyeka, wanachoma, picha zinapigwa. Aliyeipanda anangoja, kisha anafungua uwazi mwingine, ndani zaidi. Kila shamba lililochomwa ni uwazi ambao miti yake haikurudi pamoja na askari.

Tanzania wanayo hadithi hiyohiyo kwenye mlima mwingine. Kisimiri Juu, katika wilaya ya Arumeru, kijiji kilicho kwenye miteremko ya Mlima Meru, kimetajwa kwa miaka mingi kwa kilimo cha bangi, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya huko imekwenda mara kwa mara kufyeka. Nako ni baridi, nako ni miteremko mikali, nako barabara ni mbovu. Ubovu wa barabara ndio unaoipendekeza ardhi ile kwa zao hilo.

Lakini mfano ulio bora hatuhitaji kwenda Arusha kuutafuta. Tokeni nje ya ukumbi huu mtazame kusini mashariki. Vile ni vilima vya Nyambene. Juu yake kuna mmea mwingine wa kuchangamsha, miraa, nao unaipenda nchi ya ubaridi kweli. Huo ndio mmea wa mlimani kwa haki. Kila siku gari za miraa hutoka Maua na Kangeta, na mama zetu wa hapa Isiolo wamesomesha watoto kwa biashara hiyo. Serikali ya kikoloni, katika miaka ya 1940, ilijaribu kuizuia isiingie Kaskazini. Ilishindwa. Leo miraa ni zao lililotambuliwa na sheria: mwaka 2016 Bunge liliiweka katika orodha ya mazao ya biashara. Uingereza iliipiga marufuku 2014, Uholanzi ilitangulia mwaka mmoja, na pigo hilo limewaumiza wakulima wa Igembe, huko Nyambene, mpaka leo. Hata hivyo tazameni inakopandwa. Imo mashambani mwa watu, mbele ya nyumba, pamoja na mahindi na maharagwe. Mti wa mbaine, ule mkongwe, hurithiwa na mtoto kutoka kwa babu yake, na mwenyewe anajua kila tawi. Hakuna anayekata msitu wa serikali usiku ili afiche miraa. Mimea miwili, yote inabadili akili ya mtu, milima miwili inayotazamana. Mmoja una hati ya shamba, mwingine unaishi kwa kujificha. Baridi haikuleta tofauti hiyo.

Hapa ndipo naona mtu wa Isiolo anaweza kusema: mambo ya msitu ni ya watu wa juu, sisi ni wafugaji, yatuhusu nini?

Yanatuhusu kwa sababu ya maji. Mto Isiolo unazaliwa kwenye miteremko ya kaskazini ya mlima ule. Mto Ngare Ndare vilevile. Ewaso Ng'iro, unaonywesha ngamia na ng'ombe mpaka Merti na kuishia kwenye kinamasi cha Lorian, katika miezi ya kiangazi hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka Mlima Kenya. Msitu wa asili ndio unaoshika ukungu na mvua, ukayaachia maji taratibu. Nitasema kweli hapa, maana chumvi haisaidii hoja: bangi siyo iliyokausha Ewaso Ng'iro. Mashamba ya umwagiliaji yaliyo juu, ya maua na mboga, pamoja na watu walioongezeka, yamechukua maji mengi zaidi. Lakini uwazi wa bangi uko mahali pabaya kuliko pote, ndani kabisa, kwenye chemchemi, kwa kuwa mwenye kuficha shamba hutaka maji karibu na watu mbali. Ekari moja iliyokatwa pale si sawa na ekari moja iliyokatwa pembeni. Mfugaji aliyewahi kuchimba mchanga wa Archers Post akitafuta maji mwaka wa ukame hahitaji kuelezwa zaidi.

Njia ya pili tunayolipia ni vijana wetu, kwenye barabara itokayo Ethiopia.

Shashamane iko Ethiopia, kwenye nyanda za juu, mita 1,900 na zaidi. Mwaka 1948 Mfalme Haile Selassie alitoa hekta 200 za ardhi huko kwa ajili ya watu weusi wa ughaibuni walioiunga mkono Ethiopia, na baadaye Marastafari, wengi kutoka Jamaika, wakahamia. Jina la mji huo ndilo lililofupishwa na vijana wa Nairobi kuwa "shash", bangi inayouzwa ghali kuliko ya kienyeji. Wanasema ni kali kwa kuwa imekulia juu, karibu na jua. Nimeisikia hoja hiyo mara nyingi hata inastahili kujibiwa. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio lililoonyesha kwamba miale ya urujuanimno iliongeza THC, kile kileo cha bangi, katika baadhi ya miche. Kila mtu akalishika hilo. Lakini majaribio ya miaka ya karibuni, kwa mbegu za kisasa, hayakuona ongezeko hilo. Nguvu ya bangi hutoka kwanza katika mbegu, kisha katika kutenga miche ya kike isichavushwe, kisha katika ukaushaji. Mlima unapewa sifa ambayo haijathibitishwa, na kijana analipia sifa hiyo.

Na mzigo unapita wapi? Moyale, Turbi, Marsabit, Laisamis, Merille, Archers Post, Isiolo. Lami ilipokamilika, kilomita 500 ambazo zilikuwa safari ya siku mbili za vumbi zikawa safari ya siku moja. Tuliishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini lami haichagui abiria. Mnasoma magazetini: magunia yamekamatwa kwenye kizuizi, chini ya mzigo wa maharagwe, ndani ya gari la mafuta. Someni mstari unaofuata, nani amekamatwa. Ni dereva. Ni utingo. Ni kijana wa bodaboda aliyeahidiwa fedha ambazo hangezipata kwa mwezi mzima. Mwenye mzigo haonekani kizimbani. Kijana wa miaka 20 anaingia gerezani hajui hata jina halisi la aliyemtuma, na mama yake ndiye anayeuza mbuzi ili atafute wakili.

Msinielewe vibaya. Sisemi bangi ni dawa ya kila kitu, wala simtaki mtoto wa shule aiguse. Mtu anayeanza kuvuta akiwa bado kijana mdogo, akavuta kila siku, hujiongezea hatari ya maradhi ya akili, na bangi yenye THC nyingi huizidisha hatari hiyo. Uchunguzi wa NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba Wakenya zaidi ya 500,000 wa umri wa miaka 15 hadi 65 wanaitumia. Miaka 28 ya sheria kali ilikuwa imekwisha kupita. Atakayesema marufuku imewalinda vijana hao atuonyeshe ni wapi.

Na sheria zinabadilika, tupende tusipende. Desemba 2020, kwa kura 27 dhidi ya 25, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliiondoa bangi katika kundi la dawa zilizobanwa kupita zote. Rwanda iliidhinisha kilimo chake kwa ajili ya dawa na usafirishaji mwaka huohuo. Malawi pia. Hapa kwetu marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliandaa mswada mwaka 2018; alifariki 2019 kabla haujaenda popote. Utarudi, kwa jina lingine.

Ukirudi, nataka mkumbuke Lesotho. Ile ni nchi ya baridi kweli, yote iko juu ya mita 1,400, theluji huanguka, na wakulima wa milimani wamepanda bangi kwa vizazi vingi, wakichagua mbegu zinazowahi kukomaa kabla ya jalidi. Ni wachache barani wanaojua kilimo cha bangi cha nchi ya baridi kuliko wao. Mwaka 2017 Lesotho ikawa nchi ya kwanza Afrika kutoa leseni za bangi ya dawa. Leseni zikaenda kwa makampuni yenye mitaji kutoka nje, yakajenga nyumba za vioo na plastiki, yakaleta mbegu zao. Ada ilikuwa juu kuliko uwezo wa mkulima wa kawaida. Yule mwenye mbegu za babu yake akabaki mvunja sheria, huku jirani yake mwenye ua la umeme akisafirisha zao lilelile kwa ndege. Hilo linaniuma zaidi ya jambo lingine lolote nililolitaja leo, kwa kuwa naliona likija kwetu tukiwa tumelala.

Kwa hiyo nina maombi matatu, na nayaelekeza kwa watu walio na anwani.

Kwa Bunge la Kaunti ya Isiolo na la Meru: kaeni pamoja juu ya msitu, na kila oparesheni ya kufyeka bangi iwe na bajeti ya kupanda miti ya asili kwenye uwazi huohuo, msimu uleule wa mvua, kwa miche ya wanachama wa vyama vya jamii vya misitu, walipwe kwa mti ulioshika, wasilipwe kwa mti uliopandwa. Vyama vya watumiaji maji vya Ewaso Ng'iro vina uzoefu wa zaidi ya miaka 20 wa kuwakalisha watu wa juu na watu wa chini kwenye mkutano mmoja. Vipewe kiti.

Kwa watafiti wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, na wa vyuo vikuu vyetu: ombeni vibali mkusanye mbegu za bangi ya kienyeji, mziweke katika hifadhi ya mbegu kwa jina la nchi na la jamii zilizozitunza, kabla mbegu za kununua hazijazimeza. Hilo halihitaji kungoja mswada wowote. Hifadhi ya mbegu si shamba.

Na kwa waendesha mashtaka na mahakimu, kwa heshima zote: mnapomhukumu kijana wa bodaboda, ulizeni katika rekodi ya kesi uchunguzi wa mwenye mzigo umefika wapi. Ulizeni kwa maandishi, kesi baada ya kesi, mpaka jibu litolewe.

 Maswali sasa, na wafugaji wa Merti waanze, kwa kuwa wametoka mbali zaidi.